Marimba Ilivyopata Mvumo Wake

Mmeniona nikiishika marimba mpya, nzima, isiyo na ufa hata mmoja, nikaitoboa tumbo kwa chuma cha moto, na nyote mkashtuka kana kwamba nimemchoma mtoto. Kaeni basi. Nitawaeleza kwa nini tunaitoboa, kama nilivyoelezwa na bibi yangu mzaa mama. Yeye alisimulia polepole, akinyamaza mara kwa mara kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nje ya nyumba, nasi tulimngoja mpaka arudi.

Zamani, wakati nyika hizi kavu zilipokuwa na twiga wengi kuliko watu, marimba haikuvuma. Ilikuwa kisanduku cha mbao kilichozibwa kila upande, na juu yake vipande vyembamba vya chuma, vifupi kwa virefu, mpigaji akividonoa kwa vidole gumba. Sauti yake ilikuwa safi mno. Kila tone lilisimama peke yake, kama maji yanayodondoka ndani ya mtungi. Lakini hakuna aliyeipiga hivi hivi tu. Marimba ilikuwa mtumishi wa maneno. Ilibeba sifa za watemi, majina ya ng'ombe, habari za vita na za arusi, na matusi ya watani. Mtu akipiga bila kuimba, watu walimwuliza kama ana kidonda mdomoni, na wenye huruma walimletea dawa.

Wakati huo aliishi mwanamke mmoja aitwaye Mbumi, katika tembe ya udongo iliyokuwa ukingoni mwa korongo. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili: Ndahani, mvulana aliyekwisha kuanza kuchunga ndama, na Ndalu, msichana aliyekuwa bado mgongoni. Mbumi hakuwa na ndugu karibu. Alilima uwele peke yake, alivuna peke yake, na kila alfajiri alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasaga.

Aliposaga, alivuma. Siwezi kusema aliimba, kwa maana mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ilikuwa sauti ya ndani, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwororo, ikipanda na kushuka pamoja na mikono yake juu ya jiwe, hata usingeweza kujua ipi ni sauti ya mwanamke na ipi ni ya jiwe. Wimbo ulikuwa uleule kila siku. Watoto wake waliamka nao. Waliusikia kabla ya kufumbua macho, wakajua kwamba kumekucha, mama yupo, na kuna unga.

Siku moja Ndahani, akiwa bado mdogo, alimwuliza, "Mama, huo wimbo wako maneno yake ni yapi?"

Mbumi alifuta paji la uso kwa kiwiko. "Hauna maneno, baba. Mikono ina kazi, na mdomo nikiufungua unajaa vumbi la unga. Niimbe nini?"

Mtoto alicheka, akaenda zake kwenye ndama.

Ndahani alipokua, alipata mikono ya marimba. Wengine hupata miguu ya kukimbia, wengine jicho la kulenga. Yeye alipata vidole gumba. Alijichongea marimba yake ya kwanza, mfua chuma wa jirani, mzee Mhembano, akampondea vyuma, na hazikupita mvua mbili kabla watu hawajaanza kutembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza. Na maneno alikuwa nayo. Alimwona mtu mara moja tu, akamtungia wimbo wenye jina lake, la babake na la fahali wake, mtu akaondoka kifua mbele. Aliimba juu ya mvua, juu ya nyuki, juu ya simba aliyekwama kwenye boma. Kitu kimoja tu hakukiimba, nacho ni mama yake akisaga. Hakikuwa na maneno, naye aliishi kwa maneno.

Basi mtemi wa upande wa jua kuchwa akamwita aje kwenye arusi ya binti yake. Ndahani akamuaga mama. "Nitarudi kabla ya mavuno," akasema.

Mbumi alimfungia karanga na unga kwenye kibuyu, akamtazama akivuka korongo. Ndalu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi hivi, alimfuata kaka yake mpaka ng'ambo, akasimama hapo hadi vumbi la miguu yake likatulia.

Ndahani hakuwa mtu mbaya. Nawaambieni hivyo kwa sababu hata bibi yangu alisisitiza. Arusi ilipokwisha, mtemi alimpeleka kwa mtemi mwenziwe, na huyo akampeleka kwa mwingine, na kila alipotaka kugeuza uso kuelekea nyumbani, alimkuta mjumbe amesimama mlangoni. Alituma salamu kwa wasafiri. Salamu zilifika, nyingine zilipotea njiani. Alisema, mvua zijazo nitarudi. Mvua zikaja zikaenda, zikaja zikaenda. Akaota ndevu. Akafika nchi yenye ziwa, ambako watu hula samaki na hawajui uwele, nako akajifunza lugha yao akaimba kwa lugha hiyo pia. Alikuwa na nyimbo mia nne kichwani. Mvua kumi na tatu zilipita hivyo, kama mtu anayelala mchana akaamka na kukuta jua limehama.

Asubuhi moja huko ziwani, alipokuwa amejinyoosha kwenye ngozi ya mwenyeji wake, alisikia jiwe likisaga nyuma ya ua. Mwanamke fulani alikuwa anatengeneza unga wa ulezi. Jiwe lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likaenda, likarudi. Ndahani alitega sikio. Aliona kuna kitu kinakosekana. Alingoja, hakikuja. Ndipo akakumbuka mvumo wa mama yake, akafunga midomo ili auvume mwenyewe, na hakuna kilichotoka. Wimbo ule ulikuwa umemtoka. Alijua ulikuwapo, alijua ulikaa upande gani wa kifua chake, lakini alipougusa ulikuwa kama mahali palipong'oka jino.

Alitafuta siku nzima. Alipiga marimba, akaacha, akapiga tena. Nyimbo zote mia nne zilikuja kumsalimu, ule mmoja haukuja. Kesho yake alifunga mizigo, hakumuaga mtu, akaanza safari ya kurudi kwao kumwomba mama yake ampe tena wimbo.

Alitembea miezi miwili. Alipovuka korongo, aliona tembe yao imeinama upande mmoja, na dari lake limeota majani. Mlangoni, juani, alikaa kikongwe juu ya ngozi ya ng'ombe, ameweka mikono mapajani. Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, kana kwamba mvua zote zile zilikuwa zimemwosha kidogo kidogo.

Ndahani alipiga magoti. "Mama, nimerudi."

Mbumi alimtazama kwa upole mwingi, kama watu waungwana wanavyomtazama mgeni. "Karibu, baba," akasema. "Umetoka mbali, miguu yako yote vumbi. Huko utokako, hukumwona mwanangu?"

Mwanamke kijana akatoka ndani na kata ya maji, akasimama. Alikuwa Ndalu. Alikuwa mtu mzima sasa, na uchovu ulikuwa umemfunika uso ingawa hakuwa mzee. Alimtambua kaka yake mara moja, lakini hakulia wala hakukimbia. Alimpa maji.

"Yuko hivyo tangu mvua ya mwaka juzi," alimwambia walipoingia ndani. "Kwanza alisahau mahali alipoweka vitu. Kisha akasahau majina ya vitu vyenyewe. Chungu, jembe, mtungi, vyote akawa anavionyesha kwa kidole. Mimi huniita dada, wakati mwingine huniita mama."

"Na kusaga?"

"Aliacha. Siku moja alipiga magoti mbele ya jiwe, akalitazama, akainuka. Tangu siku hiyo sikumsikia akivuma." Ndalu aliteremsha sauti. "Ila wewe hakukusahau, kaka. Anakungoja. Nikimpa chakula anasema, nitakula mwanangu akija. Zamani nilimdanganya kwamba umekwisha kula, umekwenda malishoni, naye alikubali vijiko viwili vitatu. Sasa hakubali tena. Mtazame mikono yake."

Ndahani aliitazama mikono ya mama yake. Ngozi ilikuwa imebaki juu ya mifupa kama nguo iliyoanikwa.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya miti ya miiba, aliichukua marimba akakaa mbele ya mama yake, akaimba. Aliimba jina la mama, Mbumi binti wa fulani, na jina la ukoo, na jina lake mwenyewe, Ndahani, Ndahani mwanao, Ndahani amekuja. Sauti ya marimba ilikuwa safi, kila tone peke yake, na maneno yalikuwa mazuri. Watemi wangempa ng'ombe kwa maneno yale. Majirani walisogea kusikiliza, mzee Mhembano akiwa mbele yao.

Lakini Mbumi alianza kuhangaika. Kila neno lilipomfikia aligeuza kichwa kulifuata, kama mtu anayemwagikiwa na nafaka asijue aanze kuokota wapi. Macho yake yalijaa hofu. Mwishowe aliziba masikio.

Ndalu alimshika kaka yake mkono. "Basi. Usimwulize kitu tena, wala usimwambie. Kila neno kwake ni mtihani, na kila mara anashindwa. Umekuja na maneno mengi, kaka yangu. Humu ndani maneno yamekwisha."

Yalikuwa maneno makali, na Ndalu alikuwa ameyabeba mvua kumi na tatu. Ndahani aliyapokea. Aliitundika marimba juu ya ukuta wa ghala, nyuma ya vilindo, yale mapipa ya magome ya kuwekea uwele, mahali penye giza, akasema moyoni kwamba hataigusa tena.

Akaanza kufanya kazi za nyumbani. Aliziba dari, alilima, alichimba maji mchangani mwa korongo. Alimbeba mama yake asubuhi kumtoa nje juani, na mchana kumrudisha kivulini. Mbumi alimshukuru kila mara. "Wewe ni mgeni mwema sana," alimwambia. "Mama yako ana bahati." Ndahani aliinamisha kichwa, akaenda kutafuta kazi nyingine.

Alijaribu hata kusaga. Mwanamume kupiga magoti kwenye jiwe lilikuwa jambo la kuchekwa, na watu walimcheka, lakini alifikiri kwamba mama akiisikia sauti ya jiwe labda wimbo utarudi. Alisaga, akajitahidi kuvumisha kitu kwa mdomo uliofungwa. Mbumi alisikiliza kidogo, kisha akamnong'oneza Ndalu, "Huyo mtu hajui kusaga." Ndalu alicheka kwa mara ya kwanza tangu kaka yake arudi, naye Ndahani akacheka, na unga ulikuwa chenga tupu.

"Wewe huukumbuki wimbo wenyewe?" alimwuliza dada yake.

"Nausikia kichwani kila siku," Ndalu akasema. "Lakini ukifika mdomoni unageuka kuwa mwingine."

Hivyo mwezi ukapita, na mwingine ukapita. Mbumi alikuwa akinywa maji, na uji kidogo alipokuwa amesinzia nusu, akidhani yu katika ndoto. Alizidi kupungua. Ndugu hao wawili hawakuzungumza juu ya jambo hilo, ila kila mmoja alimwona mwenzake akiwasha moto mapema zaidi kuliko ilivyohitajika, ili ahakikishe kama mama bado anapumua.

Sasa, huko gizani kwenye ghala, kulikuwa na mambo yaliyoendelea bila kumwuliza mtu. Dumuzi, yule mdudu atoboaye nafaka na mbao, aliingia kwenye marimba. Alikula mbao ya tumbo mpaka akatokea upande wa pili, akaacha tundu la mviringo, kubwa kiasi cha punje ya mtama. Alipokwisha kuondoka alikuja buibui wa ukutani, yule bapa, mwenye mwendo wa kasi. Aliliona tundu, akapendezwa nalo. Akalifunika kwa utando wake mweupe, mwembamba, uliokazwa kama ngozi ya ndani ya yai, akaweka mayai yake nyuma yake. Mayai yakaanguliwa, watoto wakatawanyika ukutani, utando ukabaki.

Wakati wa mavuno ulipofika, Ndahani aliingia ghalani kutengeneza nafasi ya uwele mpya. Alipohamisha vilindo, marimba ilianguka. Aliiokota, akaitoa nje mchana ule mweupe ili aone kama imevunjika. Mbumi alikuwa amekaa juu ya ngozi yake, macho nusu yamefumba. Ndalu alikuwa akipepeta karibu naye.

Ndahani aliona tundu. Aliona uchafu mweupe juu yake. Kabla ya kuufuta aligusa chuma kimoja kwa kidole gumba, kujaribu tu.

Marimba ilivuma.

Lile tone safi halikuwapo tena. Sauti ilitoka imevaa kitu, ina mkwaruzo mwororo ndani yake, inatetemeka pembeni kama hewa ya mchana juu ya mchanga. Haikufika na kukatika. Ilikaa kidogo hewani, ikanong'ona, ndipo ikaenda. Ndahani alikunja uso. Alidhani chombo chake kimeharibika, akainua kidole ili autoboe ule utando.

"Nani anasaga?" Mbumi akauliza.

Ndalu aliacha ungo. Ndahani alibaki na kidole juu.

"Nani anasaga?" Mbumi akarudia, akageuza kichwa. Hakukuwa na hofu usoni mwake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesikia hatua anazozifahamu nje ya mlango.

Ndahani aligusa chuma tena, kisha cha pili. Hakujua anakwenda wapi. Alikuwa kama mtu anayepapasa ukuta gizani katika nyumba aliyozaliwa. Alifungua mdomo, kwa mazoea ya maisha yake yote, ili aweke neno, lakini Ndalu alimtikisia kichwa, naye akaufunga. Akapiga bila neno. Alikosea. Mbumi, macho yamefumba, akatoa sauti ndogo puani, akamwonyesha. Akapiga tena, akakosea mahali pengine; mama akamwongoza tena, kwa mvumo uliokuwa mwembamba kama uzi. Kifua chake hakikuwa na nguvu, lakini wimbo wote ulikuwamo, haukupungua hata kidogo. Alikuwa amesahau jina la mtungi, na jina la jembe, na uso wa mwanawe. Wimbo hakuusahau. Ulikuwa umekaa chini ya maneno yote, mahali ambapo usahaulifu haukufika, na hakuna aliyekuwa ameufuata huko.

Basi Ndahani akaupata. Vidole vyake vilipoushika, aliupiga kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo. Mikono ya Mbumi ilianza kwenda mbele na kurudi nyuma juu ya mapaja yake, mbele na nyuma, kama iliyo juu ya jiwe.

Na hapo, bibi yangu aliniambia, muda uliacha kwenda kama unavyokwenda. Mbumi alifumbua macho akamtazama yule mtu mwenye ndevu. "Usilie," akamwambia, "meno ndiyo yanayoota." Alikuwa akimwona mtoto mchanga. Wimbo ukazunguka tena. "Ndama mwekundu yuko wapi? Nenda kamtazame kabla jua halijawa kali." Sasa alikuwa na mvulana wa miaka sita. Wimbo ukazunguka. Alinyoosha mkono akapima urefu wa bega lake, akastaajabu. "Unakua mpaka natishika. Nguo ya babako itakutosha mwaka huu." Ndahani alipiga, machozi yakimchirizika ndevuni, akipita katika miaka yake yote mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepita katika vyumba vya nyumba moja, na katika kila chumba mama yake alikuwamo, akisaga. Ndalu naye alijisogeza, akaweka kichwa mgongoni mwa mama yake, mahali alipobebwa, akausikia mvumo ukipita kwenye mifupa.

Wimbo ulizunguka tena. Mbumi alimtazama usoni kwa muda mrefu, zile ndevu, yale mabega, vile vidole vilivyopasuka kwa jembe. "Ndahani," akasema. "Umekawia sana njiani."

"Nimekawia, mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi tule," Mbumi akasema. "Ndalu, mwanangu, kuna nini ndani?"

Kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Walikula watatu kutoka chombo kimoja, mchana kweupe, na Mbumi alikula kama mtu aliyetoka shamba. Ndalu alikata matonge madogo, akayachovya, akampa, na kila alipompa aliitwa kwa jina lake. Hapo ndipo Ndalu alipolia. Hakuwa ametegemea kulisikia tena jina lake.

Kesho yake asubuhi Mbumi alimwambia Ndahani, "Karibu, mgeni." Nisingependa kuwadanganya. Utando wa buibui haukuwa dawa, na kilichokwenda hakikurudi kukaa. Lakini Ndahani aliichukua marimba, akapiga wimbo wa jiwe, bila neno, na baada ya mizunguko kadhaa mama yake alimfikia. Siku nyingine alifika haraka, siku nyingine jua liliinama kabla hajafika, na siku nyingine alifika kwa mtoto mchanga akabaki naye hapo. Ndahani hakumharakisha. Alikuwa tayari kuwa na umri wowote aliopewa. Na kila siku Mbumi alikula.

Aliishi hivyo mvua mbili zaidi. Ndalu aliolewa ng'ambo ya korongo, karibu kiasi cha kusikia marimba upepo ukiwa mzuri, na alipojifungua alimleta mtoto akamweka mapajani kwa bibi yake. Mbumi alimvumia. Yule mtoto hakuwa na maneno bado, na yule bibi hakuwa nayo tena, nao walielewana vizuri kuliko watu wote wa nyumba ile.

Mbumi alipofariki, watu walikusanyika kumzika, na wote walimtazama Ndahani, kwa maana walijua mtu mwenye nyimbo mia nne atamtungia mama yake wimbo mkubwa. Mzee Mhembano, aliyekuwa amezeeka mno, alimwambia, "Sema, baba. Tuambie mama yako alikuwa nani."

Ndahani alikaa kando ya udongo mpya. Akapiga wimbo wa jiwe, ukavuma, akafunga mdomo. Watu walingoja maneno. Wimbo ulizunguka, hayakuja. Kijana mmoja alitaka kuuliza, mkewe akamzuia. Ulipozunguka mara ya tatu, mzee Mhembano aliinamisha kichwa. Alikuwa akimsikia mama yake mwenyewe, aliyekufa kabla ya mwaka wa njaa kuu, akimwita atoke mvuani. Mwanamke aliyesimama nyuma alimsikia dada yake aliyeolewa mbali. Mwingine alisikia watoto wake walipokuwa wadogo, ingawa walikuwa wamesimama pale pale karibu naye, wakubwa, na ndevu zao. Kama Ndahani angetaja jina la Mbumi, wangemlilia Mbumi peke yake. Kwa kuwa hakutaja jina, kila mtu alipata mahali pa kukaa ndani ya wimbo ule.

Baada ya mazishi, wapigaji wengine walimjia Ndahani, wakataka kujua amefanya nini. Aliwaonyesha tundu na utando. Walikwenda makwao wakangoja dumuzi awatobolee, na dumuzi hakuwajia kwa wakati, basi wakachukua chuma cha moto wakatoboa wenyewe. Kisha wakatafuta kwenye nyufa za kuta zao, wakabandua utando wa yule buibui bapa kwa ncha ya kisu, wakaulowesha kwa mate, wakaubandika. Vyombo vyao vikavuma, kila kimoja kwa namna yake, kwa maana hakuna tundu lililo sawa na jingine, wala mama.

Na tangu siku hiyo marimba ya huku kwetu ina tundu tumboni na utando juu ya tundu, na mwanamke anayefagia kuta huwapitia mbali buibui hao na watoto wao. Na tangu siku hiyo, kwenye ngoma yoyote, arusi ama mavuno ama msiba, wimbo wa kwanza hupigwa bila maneno. Maneno yatakuja baadaye, na sifa, na utani, na vichekesho. Ule wa kwanza watu huusikiliza kimya. Mtawaona wengine wameinama, wengine wanatabasamu bila kumtazama mtu. Na mara nyingi kuna mmoja anayeinuka taratibu, huenda ndani kumchungulia mama yake alipolala, humfunika miguu, kisha hurudi na kukaa mahali pake.